Lupopo akimfunga Vita, Mazembe anakaribia kombe: shabiki wa njano na bluu ashangilie nini?

Mtoto wa Reli, Katuba

Bandugu, salamu. Nina swali na ninaomba nijibiwe kwa hesabu. Matusi ya Kamalondo na Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, tuyaache kidogo.

Chukueni mfano. Msimamo huu nimeutunga mwenyewe, si wa msimu wowote, kwa hiyo asije mtu akanisahihishia pointi. Pleiofu ya Linafoot, ligi kuu ya Kongo, imebakiza mechi mbili kwa kila timu. Vita ana 24, Mazembe 23, Lupopo 20, Maniema Union 19, Motema Pembe 18. Wiki hii Lupopo anampokea Vita pale Kibassa Maliba. Mazembe yuko kwake Kamalondo na timu ya chini, tuseme atashinda. Lupopo akimfunga Vita, Vita anabaki na 24 na Mazembe anapanda hadi 26. Maana yake sisi wa Lupopo, watoto wa Cheminots (watu wa reli), njano na bluu, ndio tutakuwa tumewapakulia kunguru wa Mazembe bukari hadi mezani.

Kwenye ukumbi wa video watu wamegawanyika. Upande mmoja unasema heri tufungwe, mwaka huu Mazembe asionje. Upande wa pili unasema pointi ni pointi. Wale wa kwanza wanatoa mfano wa Tottenham na Manchester City wa Mei 2024, kwamba mashabiki wa Tottenham, yaani Spurs, walikubali kufungwa ili Arsenal, jirani zao, wasichukue kombe, na ikawa hivyo.

Ninataka kujua mambo matatu. Kufungwa kunatugharimu nini hasa? Spurs walipata walichotaka au walijiumiza? Na mtu akiwa jukwaani siku ile, afanye nini?

---

Kalamu na Karatasi, Kampemba

Yaya, nianze na msimamo wako, ya Uingereza nitakuja nayo.

Chora safu tatu: Lupopo anashinda, sare, anafungwa. Kila safu uandike timu zote tano, si Vita na Mazembe peke yao. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanahesabu pointi za adui, za kwao wanazisahau.

Ukishinda: Vita 24, Mazembe 26, Lupopo 23. Sare: Vita 25, Mazembe 26, Lupopo 21. Ukifungwa: Vita 27, Mazembe 26, Lupopo 20.

Angalia safu ya katikati. Sare nayo inampeleka Mazembe juu. Kwa hiyo anayesema "tusijitume sana, tutoke sare, heshima ibaki" hajapiga hesabu. Sare inakunyima pointi mbili na bado inampa kunguru nafasi ya kwanza. Katika mfano wako sare ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa safu ya kufungwa. Vita 27, Mazembe 26, na imebaki mechi moja. Je, Mazembe amekufa? Bado. Vita akitoka sare siku ya mwisho na Mazembe akishinda, Mazembe anamaliza na 29 na Vita 28. Wewe umetoa pointi zako tatu na kombe limekwenda Kamalondo vilevile. Kufungwa kwako ni nusu ya kazi, nusu nyingine iko mikononi mwa timu ambayo huna amri nayo.

Halafu tazama nyuma yako. Umebaki na 20. Maniema Union akishinda ana 22, Motema Pembe akishinda ana 21. Ulikuwa wa tatu, sasa uko wa tano. Nchi ikiwa na nafasi mbili za Ligi ya Mabingwa ya Afrika na mbili za Kombe la Shirikisho, wa tano anabaki nyumbani. Na mshindi wa Kombe la Kongo huwa anadai nafasi moja ya Shirikisho, kwa hiyo hata wa nne asilale: asome kwanza kanuni za mwaka huo.

Ukishinda una 23, na mechi ya mwisho ukishinda tena unamaliza na 26. Mazembe tayari ana 26, kwa hiyo nafasi ya pili mnaigombea watu watatu, wewe, yeye na Vita. Vita akipoteza ya mwisho anabaki na 24, wewe una 26, wa pili ni wewe: Ligi ya Mabingwa. Mlango huo unafunguka kwa kushinda tu.

---

Mgunda wa Bel-Air

Mimi ni wa Spurs tangu zamani na mfano ule unanichoma kila unapotajwa, kwa sababu watu wanaukata katikati. Niuweke wote.

Kabla ya tarehe 14 Mei 2024 Arsenal walikuwa na pointi 86 kwa mechi 37. City walikuwa na 85 kwa mechi 36. Spurs walikuwa na 63 kwa mechi 36, na Aston Villa, nafasi ya nne, walikuwa na 68 kwa mechi 37. Kwa hiyo Spurs walikuwa bado hai: wakishinda mbili wanafika 69.

City walishinda 2-0, Haaland mara mbili, la pili penalti ya dakika za nyongeza. Katikati ya magoli hayo Son alibaki peke yake na kipa, Ortega akaokoa kwa mguu. Jukwaani baadhi ya mashabiki wa Spurs waliimba kuwakejeli Arsenal huku timu yao ikifungwa kwao. Kocha Postecoglou alitoka na hasira, akasema hadharani kwamba siku zile zimemwonyesha misingi ya klabu ilivyo dhaifu.

Siku ya mwisho, tarehe 19, City waliwafunga West Ham 3-1 wakamaliza na 91. Arsenal waliwafunga Everton 2-1 wakamaliza na 89. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapoishia. Lakini Spurs nao walishinda 3-0 kwa Sheffield United wakafika 66, na Villa wakapigwa 5-0 na Crystal Palace wakabaki na 68. Weka ushindi juu ya City: 69 dhidi ya 68. Nafasi ya nne, Ligi ya Mabingwa. Waliangukia ya tano, Europa League.

Ndiyo, Arsenal hawakuchukua kombe. Bei yake ilikuwa hiyo.

---

Kunguru Asilia, Kamalondo

Ndugu wa Bel-Air, takwimu zako ni sawa, ila nikuzuie mahali pamoja. Villa walikwenda kwa Palace wakiwa wameshafuzu, kwa sababu Spurs walikuwa wamefungwa na City. Kama Spurs wangeshinda, Villa wangeingia wakijua wanahitaji matokeo. Huenda kikosi kingekuwa kingine na miguu ingekuwa mingine. Ukibadilisha mechi moja, za baada yake nazo zinabadilika. Sema Spurs walijifungia mlango. Kusema wangepita kwa hakika ni kuongeza chumvi.

Jambo ambalo watu wa Arsenal hapa mjini wanalijua kwa uchungu ni lile la sare. Msimu ule City walimaliza na tofauti ya magoli +62, Arsenal +62. Sawasawa. Sasa futa yale magoli mawili ya Haaland, weka 0-0. City wanakuwa na 89 na tofauti +60, Arsenal 89 na +62. Kombe linakwenda Emirates, kwa Arsenal, la kwanza tangu 2004. Spurs hawakuhitaji hata kushinda ili kuwafanya Arsenal mabingwa. Sare ingetosha. Ni kama katika mfano wa Mtoto wa Reli.

Na huko Italia ilitokea hivyohivyo miaka kumi na minne kabla. Mei 2, 2010, Lazio dhidi ya Inter, Roma, jirani zao wa mji mmoja, wakiwa wanaomba Lazio wasimame imara. Mashabiki wa Lazio walishangilia magoli ya Inter. Kipa wao wenyewe, Muslera, akiokoa anazomewa. Inter wakashinda 2-0. Mwisho wa msimu: Inter 82, Roma 80. Ingekuwa sare, 80 kwa 80, na Italia wakati ule walikuwa wanaangalia mechi za wenyewe kwa wenyewe. Roma na Inter walikuwa wametoka 1-1 Milano, na Roma wakashinda 2-1 kwao. Scudetto, ubingwa wa Italia, ingekuwa ya Roma.

Inter hao hao ndio waliotufunga 3-0 Abu Dhabi Desemba 2010, kwenye fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Walifika pale kama mabingwa wa Ulaya, siyo kwa sababu ya Lazio, lakini sisi tuliokesha usiku ule kikosi kile tunakijua jina kwa jina.

---

Cheminot wa Zamani, Kenya

Nimewasoma wote, na mimi sikubaliani na hesabu peke yake. Lupopo ni timu iliyotoka kwa watu wa reli, ubingwa wa 2002 bado unaimbwa mtaani. Mtu wa Lupopo akiniambia hawezi kuimba siku ambayo goli la timu yake linampa Mazembe kombe, namwelewa. Upinzani wa mji huu haukuanza jana. Klabu zote mbili ni za 1939. Mtoto anazaliwa nyumba ambayo jezi imeshachaguliwa. Ukimwambia asahau, unamwambia awe mtu mwingine.

Lakini tofautisheni vitu viwili. Kutamani ni moyo. Timu kucheza ili ifungwe ni uhalifu wa mpira. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaadhibu upangaji wa matokeo kwa kumfungia mtu anayehusika asishiriki mpira kwa muda usiopungua miaka mitano, na klabu yenyewe inaweza kuadhibiwa. Anayepeleka bahasha, anayeipokea, na hata anayeambiwa akanyamaza wana hatari. Kwa hiyo ule usemi wa "viongozi wawaambie wachezaji walegeze" uishe kabisa. Mtu akiuandika kwenye kundi la WhatsApp lenye viongozi wa klabu ndani, tayari amewawekea ushahidi.

Na wachezaji msiwahukumu kwa moyo wa jukwaa. Anacheza ili msimu ujao apate mkataba, anaangaliwa na klabu za Tanzania na za Afrika Kaskazini, hawezi kuruka mpira ili Kamalondo walie. Mei 14, 1995, Liverpool walimpokea Blackburn, kocha wa Blackburn akiwa Kenny Dalglish, mtoto wa Liverpool. Blackburn wakichukua kombe, Manchester United wanakosa: mashabiki wengi wa Anfield walitaka hivyo. Wachezaji wa Liverpool walifanya nini? Walishinda 2-1, goli la mwisho la Redknapp kwa mpira wa adhabu dakika za mwisho kabisa. Blackburn walipona kwa sababu United walitoka 1-1 na West Ham. 89 kwa 88. Mashabiki walipata matakwa yao na wachezaji hawakuuza kazi yao. Ndivyo inavyotakiwa.

---

Kalamu na Karatasi, Kampemba

Mukubwa, nakubali. Ila niongeze jambo ambalo shabiki wa Lupopo analisahau kila mwaka: pointi za nchi kule CAF, shirikisho la mpira la Afrika.

Nchi kumi na mbili za juu kwenye orodha ya CAF zinapeleka timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Nyingine zote zinapeleka moja na moja. Orodha inatengenezwa kwa miaka mitano. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa anapewa 6, wa pili 5, nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu katika kundi 2, wa nne katika kundi 1. Shirikisho kila ngazi ni pungufu kwa moja, na wa nne wa kundi anapata nusu. Halafu mwaka wa karibuni unazidishwa kwa 5, uliotangulia kwa 4, kisha 3, 2, 1.

Mazembe alifika nusu fainali 2023-24 akatolewa na Al Ahly. Hiyo ni 4. Mwaka wa kwanza inasimama kama 20, unaofuata 16, halafu 12, 8, 4. Mechi hizo zinaiwekea Kongo akiba kwa miaka mitano. Msimu uliofuata alimaliza wa nne kwenye kundi lenye Al Hilal ya Sudan, MC Alger na Yanga: pointi 1 tu, mara 5 ni 5. Mnaona tofauti ya 20 na 5.

Sasa jiulize, Lupopo akimaliza wa pili au wa tatu anakwenda Afrika kwa nafasi ya nani? Nafasi hiyo ya ziada imejengwa na pointi za Mazembe, Vita na wengine waliotangulia. Nchi ikishuka hadi ya kumi na tatu, anakwenda bingwa peke yake Ligi ya Mabingwa na mmoja tu Shirikisho. Wa tatu na wa nne wanabaki kutazama. Kwa hiyo mtu wa Lupopo anayeshangilia Mazembe akitolewa na timu ya Misri anashangilia mlango wake mwenyewe kufungwa. Hapa nyumbani mpige, mzomee, mfunge. Akivuka mpaka, mwache apate pointi. Wala si lazima uvae nyeusi na nyeupe.

Na fedha ni sehemu ya hesabu hiyo. Mwaka 2023 CAF ilipandisha zawadi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa hadi dola milioni 4, na ya Shirikisho milioni 2. Kutofautisha wa pili na wa tatu Linafoot ni kutofautisha njia hizo mbili.

---

Mgunda wa Bel-Air

Hilo la pointi za nchi liliwapiga Spurs msimu uleule, nililisahau. Kwa 2024-25 UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ilianza kutoa nafasi mbili za ziada za Ligi ya Mabingwa kwa nchi mbili ambazo timu zake zimefanya vizuri zaidi mwaka uliotangulia. Wanajumlisha pointi za timu zote za nchi na kugawa kwa idadi yake. Uingereza ilikuwa na timu nane. United na Newcastle walimaliza mkiani mwa makundi yao. Aprili, Arsenal wakatolewa na Bayern, City na Real Madrid kwa penalti, Liverpool na Atalanta, West Ham na Leverkusen. Nafasi zikaenda Italia na Ujerumani, na wa tano wa huko, Bologna na Dortmund, wakaingia Ligi ya Mabingwa.

Wa tano wa Uingereza alikuwa nani? Spurs. Usiku ambao Arsenal walitolewa Munich, watu wetu walifurahi sana. Ile ilikuwa nafasi yao inayoondoka.

---

Mama wa Ruashi

Naomba nichangie kuhusu pointi zikilingana, maana naona mnaitaja juu juu tu, na ndiyo inayowatoa watu machozi.

Kabla hujafanya hesabu yoyote ya siku za mwisho, fungua kanuni za shindano na utafute kinachoangaliwa kwanza pointi zikiwa sawa. Kila ligi ina mpangilio wake, na unaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Usichukue wa Uingereza ukauleta Linafoot, wala wa CAF ukaupeleka huko.

Uingereza wanaanza na tofauti ya magoli, ile tunayoiita goli averaji. Mwaka 2012 City na United walikuwa 89 kwa 89, City +64, United +56. Mwaka 1989 Arsenal na Liverpool walikuwa 76 kwa 76, tena tofauti +37 kwa +37, ikabidi wahesabu magoli ya kufunga: Arsenal 73, Liverpool 65. Kwenye ligi ya namna hii, timu inayoongoza 3-0 dakika ya 80 haina ruhusa ya kupumzika, na shabiki anayelalamika "kwa nini bado wanashambulia" hajui anachoangalia.

Hispania wanaanza na mechi za wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2007 Real Madrid na Barcelona walimaliza 76 kwa 76. Barcelona walikuwa na +45, Real +26. Tofauti ya magoli kumi na tisa, na haikuwasaidia kitu, kwa sababu Real walishinda 2-0 kwao na kutoka 3-3 Camp Nou. Nani aliwapokonya Barcelona? Espanyol, jirani wa mjini. Juni 9, Camp Nou, Barcelona wanaongoza 2-1, dakika ya 89 Tamudo anasawazisha. Espanyol hawakujitoa wala hawakulegea, walicheza mpira wao na pointi moja ikatosha. Mtoto wa Reli, hicho ndicho upinzani ungefanya kama ungekuwa na akili: mzuie jirani siku unayokutana naye wewe mwenyewe. Mechi ya Lupopo na Mazembe ina uzito kuliko maombi yote kwa Vita, kwa sababu ushindi wako unamnyima tatu na kukupa tatu. Pengo linasogea kwa sita.

Chunga pia mechi zilizobaki nyuma na mechi zinazoamuliwa mezani. Timu isipofika uwanjani, matokeo ya kawaida ni 3-0, na magoli hayo matatu yanaingia kwenye averaji. Rufaa ikiwa haijaamuliwa, usiandike pointi hizo kama za kweli. Weka alama pembeni na upige hesabu mara mbili, rufaa ikikubaliwa na ikikataliwa. Mazembe wanalijua hili kuliko sisi wote. Mwaka 2011 walikuwa mabingwa watetezi, wakaondolewa Ligi ya Mabingwa mezani kwa suala la uhalali wa mchezaji mmoja, baada ya Simba ya Tanzania kukata rufaa. Uwanjani walikuwa wameshashinda.

---

Mtoto wa Reli, Katuba

Mama, asante. Yaya Kalamu, asante. Bado swali la tatu: siku yenyewe. Uwanja umejaa, Mazembe anacheza saa ileile Kamalondo, simu zinapita mkono kwa mkono.

---

Cheminot wa Zamani, Kenya

Kwanza, usimzomee kipa wako. Muslera wa Lazio alizomewa kwa kufanya kazi yake. Mchezaji anayezomewa anapookoa hatakuelewa wiki inayofuata utakapomtaka aokoe. Ukishindwa kushangilia, nyamaza. Kukaa kimya jukwaani hakuna kosa.

Pili, goli la uwanja mwingine lisishangiliwe hadi lithibitishwe na watu wawili wasiosikiliza chanzo kimoja. Redio, ujumbe wa simu na picha za mtandao havifiki pamoja, matangazo ya mtandaoni yanaweza kuchelewa hata dakika nzima. Ujerumani 2001, Mei 19, Schalke walimaliza mechi yao 5-3 wakasikia Hamburg wamewafunga Bayern 1-0 na mechi imeisha. Watu wakaingia uwanjani, wakalia kwa furaha. Mechi ilikuwa haijaisha. Bayern walipata mpira wa adhabu ndani ya eneo, Andersson akasawazisha dakika za nyongeza, 1-1. Bayern 63, Schalke 62. Walikuwa mabingwa kwa dakika nne.

Kosa hilo linawaumiza hata wachezaji. Jukwaa likilipuka kwa goli la uongo, timu inadhani sare inatosha, inarudi nyuma kulinda, na ukweli ukifika dakika zimekwisha. Benchi liwe na mtu wake mmoja wa kufuatilia, na asitegemee kelele zenu.

Tatu, kutoka uwanjani. Msipite barabara moja na wa Kamalondo siku ya namna hiyo. Wenye watoto watoke dakika tano kabla, au wasubiri hadi geti lipungue. Msongamano wa getini una hatari kuliko shabiki wa upande wa pili.

---

Kunguru Asilia, Kamalondo

Na mimi wa upande wa pili niseme la haki. Lupopo akimfunga Vita kwa nguvu zake, sisi hatutasema mmetupa kombe. Tutasema Vita alipoteza Lubumbashi, kama wengi wanavyopoteza. Mwaka 2009 fainali ya Afrika tulifungwa 2-1 na Heartland Nigeria, tukashinda 1-0 hapa, goli moja la ugenini likatosha. Siku ile mji huu haukuuliza nani ni wa njano na nani ni wa nyeusi.

Kalamu, rudia kidogo hesabu yako ya nafasi ya pili. Ulisema Lupopo akifika 26 na Vita akapoteza ya mwisho, Lupopo ni wa pili. Hiyo ni kweli Mazembe akipata pointi yoyote siku ya mwisho. Mazembe naye akipoteza, anabaki 26, nyinyi 26, na hapo tunarudi kwa Mama wa Ruashi: kanuni zinaangalia nini kwanza.

---

Kalamu na Karatasi, Kampemba

Umenikamata, ni kweli. Lupopo 26, Mazembe 26, Vita 24. Na hapo hatugombei nafasi ya pili tena, ni kombe lenyewe. Mtoto wa Reli, unaona? Kwenye msimamo wako kuna mlango mmoja tu ambao Lupopo anaweza kuupitia hadi kwenye ubingwa: ashinde zote mbili, Vita asishinde ya mwisho, Mazembe apoteze ya mwisho, halafu kanuni za pointi sawa zimpendelee. Ni mwembamba sana. Lakini hatua yake ya kwanza ni kumfunga Vita, na anayeomba tufungwe anaufunga kabla hata mpira haujaanza.

Andika matokeo ya mechi zote za Lupopo na Mazembe za pleiofu pembeni ya karatasi yako, magoli na uwanja. Hilo ndilo la kwanza nitakalokuuliza wiki ya mwisho.